Mipangilio ya Umeme na Uwashaji kwenye BIOS ya Kompyuta ya Mezani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanamlenga mtu ambaye kompyuta yake ya mezani inatakiwa kufanya kazi hata pasipo mtu wa kuibonyeza: seva ndogo ya nyumbani, mashine ya kaunta, kompyuta ya ofisi inayofikiwa kutoka mbali. Yatamsaidia pia mwenye kompyuta ya kawaida inayojiwasha usiku bila kuagizwa. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, maana ndiyo utakayoyatafuta.

BIOS ni nini hasa, na kwa nini mambo ya umeme yamo humo badala ya kuwa ndani ya Windows?

BIOS ni programu iliyohifadhiwa kwenye chipu ya ubao mama, na ndiyo ya kwanza kufanya kazi unapobonyeza kitufe cha kuwasha. Hukagua memori, kadi ya picha, kibodi na diski, kisha hukabidhi kazi kwa mfumo endeshi. BIOS ya kompyuta za aina hii ilianza na IBM PC mwaka 1981. Kompyuta za leo zinatumia UEFI, mrithi wake, lakini karibu kila fundi bado anaiita BIOS, nami nitatumia jina hilo kwa zote mbili.

Mambo ya umeme yamo humo kwa sababu kompyuta uliyoizima haijazimika kabisa. Tangu kiwango cha ATX cha mbao mama na pawa saplai kilipotoka mwaka 1995, pawa saplai huendelea kutoa umeme mdogo wa kusubiri, wa volti 5, maadamu waya umechomekwa na swichi ya nyuma imewashwa. Umeme huo ndio unaokifanya kitufe cha mbele kisikie unapokibonyeza, na ndio unaoiacha kadi ya mtandao ikisikiliza. Wakati huo Windows haifanyi kazi yoyote. Iko kwenye diski tu. Anayeamua la kufanya ni ubao mama, kwa kufuata ulichoandika kwenye BIOS.

Mfumo endeshi ukishawaka, unashika sehemu kubwa ya kazi hiyo kupitia kiwango kinachoitwa ACPI, kilichotoka mwaka 1996. Kwa hiyo karibu kila mpangilio utakaousoma hapa una pande mbili: upande wa BIOS na upande wa mfumo endeshi. Malalamiko mengi ya "nimeweka lakini haifanyi" hutoka kwa mtu aliyegusa upande mmoja akausahau wa pili. Nitalirudia jambo hili zaidi ya mara moja, kwa kuwa ndilo linalopoteza muda wa watu kuliko jingine lolote.

Naingiaje kwenye BIOS?

Washa kompyuta, kisha gongagonga kitufe husika mfululizo kabla nembo ya mtengenezaji haijapotea. Kwa mbao za ASUS, Gigabyte na MSI ni Delete. Kwa Dell ni F2. Kwa HP ni F10. Kwa kompyuta nyingi za mezani za Lenovo ni F1. Usikishikilie tu, kigonge. Kibodi ikishikiliwa tangu mwanzo, baadhi ya mashine huona kitufe kimekwama na kutoa onyo.

Skrini inapita haraka mno, kitufe hakishiki. Nifanyeje?

Acha kushindana na nembo. Mwombe mfumo endeshi akupeleke. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na uandike `shutdown /r /fw /t 0`. Kwenye Linux yenye systemd, amri ni `systemctl reboot --firmware-setup`. Kompyuta itajizima na kuwaka moja kwa moja ndani ya BIOS. Njia hii inahitaji mashine inayowaka kwa UEFI, na kwa mashine za miaka ya karibuni hiyo ndiyo hali ya kawaida.

Kama mfumo endeshi wenyewe hauwaki, jaribu kuhamisha kibodi kwenye tundu la USB la nyuma, lililo kwenye ubao mama moja kwa moja. Kibodi isiyo na waya inayotumia Bluetooth haitasaidia hapa. Tafuta yenye waya.

Kabla sijagusa chochote, kuna la kufanya?

Piga picha kila ukurasa wa BIOS kwa simu. Kisha badilisha kitu kimoja, hifadhi, washa, uone matokeo, ndipo ugeukie cha pili. Anayebadilisha vitu sita kwa mpigo hawezi kujua kipi kimemkwamisha.

Na kuna mpangilio mmoja wa kuuacha kama ulivyo hata kama unauona karibu na unachotafuta: namna diski za SATA au NVMe zinavyoendeshwa, yaani AHCI, RAID au VMD. Windows iliyosakinishwa katika hali moja inaweza kugoma kuwaka ukiipeleka kwenye nyingine, na utaishia kwenye skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE.

Umeme ukikatika halafu ukarudi, kompyuta iwake yenyewe au ibaki imezimwa?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Mpangilio wenyewe una majina mengi. Kwenye ASUS ni "Restore AC Power Loss", ndani ya "Advanced" kisha "APM Configuration". Gigabyte wanauita "AC BACK". Dell wanasema "AC Recovery", HP na Lenovo "After Power Loss". Jina lolote liwalo, chaguo huwa tatu.

La kwanza ni kubaki imezimwa. Umeme unarudi, kompyuta inakaa kimya mpaka mtu abonyeze kitufe. Mara nyingi ndivyo inavyotoka kiwandani, na kwa kompyuta ya mtu mmoja anayekaa mbele yake kila siku sioni sababu ya kubadilisha.

La pili ni kuwaka kila umeme unaporudi, hata kama ulikuwa umeizima mwenyewe kwa utaratibu. Hapa wengi hushtuka: unazima kompyuta vizuri, unazima swichi ya ukutani, kesho yake unawasha swichi ile na kompyuta inanguruma kabla hujaketi. Kwa ubao mama, kuzima swichi ya ukutani na kukatika kwa umeme wa mtaa mzima ni kitu kimoja; hauna namna ya kuvitofautisha.

La tatu ni kurudi ilipokuwa. Ilikuwa inafanya kazi, itawaka. Ilikuwa imezimwa, itabaki hivyo. Linasikika kama ndilo la busara kuliko yote, na kwa kompyuta ya ofisini isiyo na UPS (kifaa chenye betri kinachoilisha kompyuta umeme ukikatika) mara nyingi ni hivyo. Lakini lina mtego mkubwa likikutana na UPS, kama nitakavyoeleza kwenye swali linalofuata.

Ushauri wangu uko wazi. Kwa seva, kinasa picha za kamera, au mashine yoyote ambayo watu wanaitegemea nawe uko mbali, chagua kuwaka kila umeme unaporudi. Ila kama umeme wako una tabia ya kurudi, kukatika, na kurudi tena ndani ya dakika moja, usifanye hivyo bila UPS. Kompyuta itaanza kusoma na kuandika diski katikati ya kuyumba huko, izimwe, ianze tena. Mafaili huharibika zaidi katika kuwaka na kuzimika kwa mfululizo kuliko katika kukatika mara moja.

Baada ya kuweka, ijaribu. Zima kompyuta kwa utaratibu, zima swichi ya nyuma ya pawa saplai, subiri mpaka taa ndogo ya ubao mama izimike yenyewe, ndipo uwashe swichi tena. Hiyo taa haizimiki papo hapo, kwa sababu kapasita za pawa saplai bado zina chaji. Ukiwasha swichi kabla haijazimika, ubao mama hautajua kwamba umeme ulikatika, na utadhani mpangilio haufanyi kazi.

Nimechagua iwake umeme ukirudi, nina UPS, lakini ikishajizima haiwaki tena. Kwa nini?

Fuatilia mlolongo huu taratibu, maana unawatesa watu wengi.

Umeme unakatika. UPS inashika. Betri ya UPS inapopungua, programu yake inaiambia kompyuta ijizime, nayo inajizima kwa heshima zote. Dakika tatu baadaye umeme unarudi, betri ya UPS ikiwa bado haijaisha. Sasa jiulize: pawa saplai ya kompyuta imekosa umeme lini? Haijakosa hata sekunde moja. UPS imeendelea kuilisha muda wote, na umeme wa kusubiri haukukatika. Kwa hiyo, machoni pa ubao mama, hakuna umeme uliorudi, na hakuna sababu ya kuwaka. Itakaa imezimwa mpaka mtu aende.

Dawa ni kuitaka UPS yenyewe ikate umeme kwenye matundu yake baada ya kompyuta kujizima, halafu iufungulie umeme wa nje ukirudi. Programu nyingi za UPS zina mpangilio huo, kwa kawaida ukiwa umeandikwa kama muda wa kusubiri kabla ya kuzima matundu. Kwa wanaotumia Linux, Network UPS Tools inafanya kazi hiyo mwishoni kabisa mwa kuzima. Weka muda wa kutosha ili kompyuta imalize kujizima kwanza. Dakika mbili hutosha mashine nyingi za kawaida, lakini seva yenye hifadhidata kubwa au mashine pepe nyingi ipimwe kwa saa.

Na hapa ndipo mtego wa chaguo la tatu ulipo. UPS inapokata matundu, kompyuta ilikuwa tayari imejizima. Ukiwa umechagua irudi ilipokuwa, itakumbuka kwamba ilikuwa imezimwa, na itabaki imezimwa. Mwenye UPS inayozima kompyuta kwa utaratibu anahitaji chaguo la pili, la kuwaka kila mara.

Nataka iwake yenyewe kila asubuhi. Inawezekana?

Ndiyo, na hauhitaji programu yoyote. Ubao mama una saa yake, inayohesabu kwa fuwele inayotetema mara 32,768 kwa sekunde, na saa hiyo ina kengele. Tafuta maneno kama "Power On By RTC", "Wake Up on Alarm" au "Auto On Time". Andika muda kwa mtindo wa saa 24, ukianza usiku wa manane: saa moja na nusu asubuhi inaandikwa 07:30:00, saa mbili usiku ni 20:00:00. Penye nafasi ya tarehe, kwenye mbao nyingi sufuri maana yake ni kila siku. Baadhi ya watengenezaji wanakuruhusu kuchagua siku za kazi pekee.

Angalia kwanza saa inayoonyeshwa na BIOS yenyewe. Windows huiacha saa hiyo kwenye majira ya mahali ulipo, ilhali Linux kwa kawaida huiweka kwenye UTC, yaani majira ya kimataifa. Kama mashine yako ni ya Linux na saa ya BIOS inatofautiana na saa ya ukutani, haijaharibika. Kengele uiandike kwa kufuata saa ya BIOS. Kwenye Linux unaweza pia kuiacha BIOS kando na kutumia amri ya `rtcwake`.

Je, naweza kuiwasha nikiwa chumba kingine, kupitia mtandao?

Unaweza. Kadi ya mtandao ya waya ikipata umeme wa kusubiri huendelea kusikiliza hata kompyuta ikiwa imezimwa. Inachongoja ni pakiti maalumu: baiti 6 zenye thamani FF, zikifuatiwa na anwani ya MAC (namba ya utambulisho) ya kadi hiyo ikirudiwa mara 16. Jumla ni baiti 102. Kadi ikiona anwani yake humo, inaupa ubao mama ishara, na kompyuta inawaka. Kwa kawaida haiangalii jina la mtumiaji wala nenosiri, kwa hiyo yeyote aliye ndani ya mtandao wako na anaijua MAC hiyo anaweza kuiwasha.

Upande wa BIOS, washa "Wake on LAN". Ubao usio na jina hilo utakuwa na "Power On By PCI-E" au jina linalokaribia. Upande wa Windows, nenda kwenye orodha ya vifaa, fungua kadi ya mtandao, ruhusu iamshe kompyuta, na uweke alama kwamba ni pakiti hiyo maalumu pekee inayoweza kuiamsha. Bila alama hiyo, mawasiliano ya kawaida ya mtandao yanaweza kuiamsha mashine iliyolala. Kwenye Linux, `ethtool` ikifuatiwa na jina la kadi itakuonyesha hali ilivyo; herufi g ndiyo unayoitaka.

Bado haiwaki? Mtuhumiwa wa kwanza ni uwashaji wa haraka wa Windows, nitakaouzungumzia chini. Wa pili ni mpangilio wa kubana umeme ndani ya BIOS, nao nitaufikia. Ishara ya kuangalia ni rahisi: zima kompyuta, nenda nyuma, tazama tundu la waya wa mtandao. Taa zikiwa zimezimika kabisa, kadi haina umeme, na hakuna pakiti itakayoisaidia.

Kupitia Wi-Fi, kuiwasha kompyuta iliyozimwa kabisa usikutegemee. Vuta waya.

Kompyuta yangu inajiwasha usiku. Imeingiliwa?

Karibu kila mara jibu ni hapana. Tenganisha kwanza hali mbili: ilikuwa imelala, au ilikuwa imezimwa?

Kama ilikuwa imelala, Windows yenyewe itakuambia. Andika `powercfg /lastwake` uone kilichoiamsha mara ya mwisho, `powercfg /waketimers` uone kazi zilizopangiwa muda, na `powercfg /devicequery wake_armed` uone vifaa vilivyoruhusiwa kuamsha. Mara nyingi utakuta ni kipanya kilichotikiswa na meza, kadi ya mtandao, au kazi ya matengenezo ya Windows.

Kama ilikuwa imezimwa kabisa, rudi BIOS. Kagua kengele ya saa, kuamshwa kwa mtandao, kuwashwa kwa kibodi au kipanya, na ule mpangilio wa umeme kurudi. Huu wa mwisho ndio ninaouangalia kwanza: umeme unayumba usiku wa manane kwa sekunde chache, watu wamelala, na kompyuta iliyoagizwa iwake umeme ukirudi inatii agizo lake.

ErP ni kitu gani, na niiwashe?

Ni mpangilio wa kupunguza umeme unaoliwa na kompyuta iliyozimwa. Jina limetoka kwenye sheria za Umoja wa Ulaya. Kanuni namba 1275/2008 ilishusha kikomo cha vifaa vilivyozimwa hadi wati 0.5 kuanzia mwaka 2013. Dell wana mpangilio wa kazi hiyo hiyo uitwao "Deep Sleep Control".

Ukiuwasha, ubao mama unanyima umeme karibu kila kitu: matundu ya USB hayachaji simu tena kompyuta ikiwa imezimwa, taa za kibodi zinazimika, kadi ya mtandao inakufa. Ni jambo zuri kwa asiyehitaji vitu hivyo. Ila huwezi kuwa na ErP pamoja na kuwashwa kwa mtandao, na kwenye mbao kadhaa hata kengele ya saa inafungwa nayo. Ukikuta mipangilio ya kuamsha imefifia na haibonyezeki, ErP ndiyo iliyoifunga.

"Fast Boot" ya BIOS na uwashaji wa haraka wa Windows ni kitu kimoja?

Hapana, na kuvichanganya kunaleta taabu.

"Fast Boot" ni ya BIOS. Inaruka baadhi ya ukaguzi, na mara nyingi haiandai vifaa vyote vya USB mapema. Ndiyo inayofanya kibodi isisikike unapogonga Delete, na flashi isionekane. Inaokoa sekunde chache tu. Kwa mashine inayowashwa mara moja kwa siku mimi naizima bila kusita.

Uwashaji wa haraka wa Windows ulikuja na Windows 8 mwaka 2012. Unapozima, Windows haijizimi kikamilifu. Inaandika hali ya kiini chake kwenye diski na kuisoma tena ukiwasha. Faida ni wepesi, hasa kwa diski za kuzunguka. Hasara ni kwamba kadi ya mtandao mara nyingi haiandaliwi kuamshwa, na ukiwa na Linux kwenye diski hiyo hiyo, sehemu ya Windows itakuwa imefungwa nusunusu na si salama kuiandikia. Unauzima ndani ya Windows, kwenye mipangilio ya vitufe vya umeme. Huwezi kuukuta ndani ya BIOS hata ukitafuta siku nzima.

Jambo linalofaa kujulikana: "Restart" haitumii njia hii ya mkato. Ndiyo maana kuwasha upya hutibu matatizo ambayo kuzima na kuwasha hakukuyatibu.

Nataka kuwasha kutoka kwenye flashi. Nibadilishe orodha ya diski za kuwashia?

Kwa kazi ya mara moja, usibadilishe. Tumia menyu ya muda ya kuchagua chanzo: F12 kwa Dell, Lenovo na Gigabyte, F9 kwa HP, F11 kwa MSI na ASRock, F8 kwa mbao za ASUS. Unachagua flashi, kazi inafanyika, na safari inayofuata kompyuta inarudi kwenye diski yake.

Orodha ya kudumu ibadilishe pale tu unapoongeza au kuondoa diski. Kwenye UEFI orodha hiyo haina majina ya diski pekee. Utaona pia "Windows Boot Manager" au jina la toleo lako la Linux. Hilo ndilo la kuweka juu. Ukiweka jina la diski pekee juu yake, unaweza kupata ujumbe kwamba hakuna mfumo endeshi, wakati upo salama kabisa.

Flashi haionekani kwenye orodha.

Zima "Fast Boot". Hamia tundu la USB la nyuma. Kisha angalia flashi ilivyoandaliwa: iliyotengenezwa kwa mtindo wa zamani haitaonekana kwenye mashine inayokubali UEFI peke yake.

Nichague UEFI au "Legacy"?

UEFI, isipokuwa una mfumo wa zamani usio na njia nyingine. Mtindo wa zamani unatumia jedwali la kugawa diski liitwalo MBR, ambalo kwa kawaida haliwezi kutumia diski zaidi ya TB 2 hivi. UEFI inatumia jedwali jipya, GPT, lisilo na kizuizi hicho.

Tahadhari: usigeuze mpangilio huu kwa mashine ambayo tayari ina mfumo endeshi unaofanya kazi. Windows iliyosakinishwa kwa MBR haitawaka ukigeuza kwenda UEFI mpaka diski ibadilishwe. Windows 10 tangu toleo la 1703 ina zana ya `mbr2gpt` kwa kazi hiyo. Hifadhi mafaili yako mahali pengine kabla ya kuitumia.

Nizime "Secure Boot"?

"Secure Boot" huruhusu kompyuta kuwaka kwa programu zilizotiwa saini inayoaminika pekee. Si lazima kuizima kwa Linux za kawaida. Ubuntu, Fedora na Debian tangu toleo la 10 zinawaka nayo. Windows 11 inadai mashine iwe na uwezo wa "Secure Boot" na TPM 2.0, chipu ya usalama. Kuizima kunafaa pale tu unapotumia kitu ambacho hakijatiwa saini, mfano baadhi ya zana za uokoaji.

Kabla ya kuigusa, hakikisha unao ufunguo wa BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows. Diski ikiwa imesimbwa, Windows inaweza kuona kwamba mazingira ya kuwaka yamebadilika na kukudai ufunguo wa kuokoa wenye tarakimu 48. Asiye nao hafungui diski yake, hata awe fundi wa namna gani. Watu wengi wana BitLocker bila kujua, kwa sababu ilijiwasha walipoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ufunguo wao unaweza kuwa umehifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Angalia leo, kabla hujauhitaji. Njia salama ni kusimamisha BitLocker kwa muda ndani ya Windows, kubadilisha BIOS, kisha kuirudisha.

S3, S4, S5 zinazoonekana kwenye menyu ni nini?

Ni viwango vya usingizi. S3 ni kulala: kila kitu kinazimika isipokuwa memori, ambayo inabaki na umeme, na kuamka huchukua sekunde chache. Umeme ukikatika katika hali hii, kazi ambayo hukuihifadhi imepotea. S4 ni usingizi mzito: yaliyomo kwenye memori yanaandikwa kwenye diski, umeme ukikatika hakuna hasara. S5 ni kuzima. Amri ya `powercfg /a` itakuonyesha mashine yako inakubali vipi kati ya hivyo.

Kompyuta haina kibodi wala skrini, na haimalizi kuwaka.

Inasubiri mtu abonyeze kitufe kukubali onyo. Tafuta "Halt On" au "Wait For F1 If Error" uizime. Bila hivyo, jitihada zote za kuifanya iwake umeme ukirudi ni bure, kwani itawaka na kukwama kwenye ujumbe usioonwa na mtu.

Saa inarudi nyuma kila nikiwasha, na mipangilio inapotea.

Betri ya ubao mama imeisha. Ni ya duara, CR2032, volti 3, yenye upana wa milimita 20. Waya ukiwa umechomekwa, saa inatumia umeme wa kusubiri na betri inapumzika. Anayezima swichi ya ukutani kila siku huimaliza mapema zaidi.

Kuibadilisha ni kazi ya dakika chache. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha mbele mara moja ili chaji iliyobaki iishe, gusa chuma cha kasha kwa mkono. Pembeni mwa betri kuna ulimi mdogo wa chuma. Usukume kwa nje na betri itaruka juu yenyewe. Usiichokonoe kwa bisibisi kutoka chini, kwani kishikizi kikivunjika ubao mzima unakuwa na kasoro. Mpya iingie upande wenye alama ya kujumlisha na maandishi ukiwa juu.

Kwenye mbao nyingi mpya, mipangilio imehifadhiwa kwenye chipu isiyohitaji betri, na kinachopotea ni saa pekee. Saa mbovu nayo si jambo dogo: kengele ya kuwaka inakosea, na tovuti nyingi hukataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vya usalama vinaonekana havijaanza au vimeisha muda.

Niweke nenosiri la BIOS?

Kwa mashine ya mahali pa umma, weka lile la msimamizi, linalozuia kubadilisha mipangilio. Lile la kuwasha, linalodaiwa kila kompyuta inapowaka, usiliweke kwenye mashine inayotakiwa kuwaka yenyewe. Itasimama hapo ikisubiri. Nenosiri ulilochagua liandike mahali salama. Kwenye kompyuta nyingi za kibiashara, kuondoa betri hakulifuti.

Nimebadilisha kitu na sasa skrini ni nyeusi.

Subiri kwanza dakika chache. Baada ya mabadiliko ya memori, ubao unaweza kuwaka na kuzimika mara kadhaa kabla ya kutulia. Ikishindikana, shikilia kitufe cha mbele sekunde 4 au zaidi mpaka izimike, chomoa waya, kisha tafuta kwenye ubao pini mbili zilizoandikwa CLRTC, CLR_CMOS au JBAT1. Ziunganishe kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu cha ubao wako, ziachie, rudisha waya. Mipangilio yote itarudi ilivyotoka kiwandani. Hapo ndipo zile picha ulizopiga zitakapokufaa.

Nisasishe BIOS?

Ukiwa na sababu: tatizo lililotajwa kwenye maelezo ya toleo jipya, prosesa mpya, au pengo la usalama. Tumia faili la modeli yako kamili, na usianze wakati umeme si wa uhakika, maana ukikatika katikati ubao unaweza kushindwa kuwaka kabisa. Simamisha BitLocker kabla ya kuanza.

Ukimaliza, ingia tena BIOS kabla ya kuondoka. Usasishaji mara nyingi hurudisha mipangilio ya kiwandani, ukiwemo ule wa umeme kurudi, na hutaligundua hilo mpaka umeme ukatike ukiwa mbali.